Kilo Sitini za Baba

Katika kiwanda kile mikate hutoka tanurini alfajiri, na harufu yake haina adabu. Hupita chini ya milango, hupanda ngazi za jirani, huingia vyumbani mwa watu waliolala na kuwaamsha bila kupiga hodi. Sasa mfikirie mtu anayefanya kazi ndani kabisa ya harufu hiyo, mfuko wa unga begani, jasho mgongoni, na tumboni hana kitu ila nusu yai la kuchemsha na mafunda mawili ya maji. Mtu huyo alikuwa msichana, alikuwa bondia, na pale kiwandani walimwita Hamira.

Jina hilo alilipata siku yake ya kwanza kazini. Aliambiwa atie kopo moja la hamira kwenye mashine ya kukandia. Akatia. Kisha, kwa woga wa ugeni, akasahau kwamba ametia, akatia tena. Donge likaumuka, likapanda, likafurika ukingo wa mashine, likashuka sakafuni na kuanza kutambaa kuelekea mlangoni kama linakwenda kwao. Msimamizi alitaka kumtimua hapo hapo. Aliyemwokoa ni mzee wa tanuri, mtu mfupi ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikuota tena.

"Mwache," alisema. "Wenzake wanafukuzwa kwa kupunguza unga. Huyu kosa lake ni kuongeza mkate. Mtu wa namna hii utampata wapi?"

Kuanzia siku hiyo mzee alijifanya mjomba wake, na kama mjomba yeyote akajipa haki ya kumtania.

"Bondia, leo umekula nini?"

"Nimekula, mjomba."

"Nimeuliza nini. Umekula hewa? Hebu pita hapa kwenye mwanga tuone kama bado una kivuli."

Wakandaji walivunjika mbavu, na Hamira akacheka nao, maana kucheka hakuongezi uzito.

Nje ya geti la kiwanda hakuna aliyelijua jina la Hamira. Huko alikuwa Binti Kufuli, basi.

Kufuli ni baba yake. Aliitwa hivyo enzi zake kwa sababu akikufunga mdomo kwa ile ngumi yake ya kulia, ufunguo alibaki nao yeye. Alikuwa bingwa wa bara zima katika uzito wa kilo sitini. Mpaka leo picha yake imebandikwa kwa kinyozi, juu ya kioo, hivi kwamba mtu anayenyolewa ndevu anajitazama huku ngumi ya Kufuli imemwelekea kwenye paji la uso. Watu wazima humsalimia kwa kukunja ngumi. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipostaafu wanajua alimwangusha nani, raundi ya ngapi, na huyo aliyeanguka aliangukia ubavu gani.

Sasa mtu kama huyo akijaliwa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akapenda ngumi, mtaa mzima unakuwa na swali moja. Je, atafika? Kwa kinyozi waliulizana hivyo. Kwenye benchi la fundi viatu waliulizana hivyo. Hata muuza mkaa, ambaye hakuwahi kuingia ukumbi wa ngumi maishani mwake, alikuwa na jibu lake na alikuwa tayari kulitetea mpaka jua lizame.

Na kipaji, jamani, kilikuwepo. Hilo halikuwa na ubishi. Hamira alikuwa na miguu inayogusa ulingo kana kwamba umewekwa makaa chini yake, na jicho la kuiona ngumi ikiwa bado begani mwa mwenye nayo. Mara mbili alifika fainali ya taifa. Mara mbili raundi ya kwanza alimchezea mpinzani wake kama paka na uzi, ya pili vilevile. Na mara mbili, raundi ya tatu ilipoanza, mikono yake ikawa mizito kama nguo zilizolowa, pumzi ikakata. Akapigwa. Akiwa anafungua bandeji za mikono chumbani kwa wachezaji, alisikia wanaume wakipita nje ya dirisha.

"Mkono wa baba anao."

"Moyo wa baba ndio hana."

Maneno hayo yalimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Ukimeza mate unausikia.

Sasa mchujo wa timu ya taifa ulikuwa unakaribia. Mshindi wa kila uzito angeingia kambini, na kutoka kambini angekwenda kwenye ubingwa wa bara. Kocha wa taifa, mama mmoja mwenye filimbi shingoni na maneno machache mdomoni, alikuwa amekwisha kusema wazi: akishindwa mara ya tatu, asitarajie kuitwa tena, kuna wadogo wanaosubiri zamu. Kwa hiyo kwa Hamira hii ilikuwa kufa na kupona. Ama aingie kwa miguu yake mwenyewe pale alipoingia baba yake, ama abaki binti wa mtu mpaka anazeeka.

Ili uelewe kosa lilikuwa wapi, lazima uingie sebuleni kwao.

Sebule za watu wengine zina kabati la vyombo vya wageni. Kwa Kufuli, kati ya televisheni na dirisha, ilisimama mizani. Ilikuwa mizani ndefu ya chuma, ya kusukuma kijiwe juu ya fimbo yenye namba, ambayo klabu yake ya zamani ilimpa alipostaafu, pale ambapo wengine hupewa saa ya ukutani. Mama yake Hamira, ambaye alikuwa fundi wa kushona mapazia, aliifunika kitambaa cha kufuma ili wageni wasidhani wameingia ghalani. Na kwenye namba sitini palikuwa na alama nyekundu. Kufuli aliipaka mwenyewe, kwa rangi ya kucha ya mke wake, bila kuomba.

Hamira alipokuwa na miaka kumi na sita alipanda mizani ile kwa mchezo tu, kikombe cha chai mkononi. Fimbo ikapanda, ikashuka, ikapanda kidogo, ikatulia kwenye ile alama sawasawa. Baba yake aliruka kutoka kwenye kochi. Mtu huyo alipigwa na mabingwa wa kila namna na hakuwahi kutoa chozi, lakini siku hiyo alilia.

"Mke wangu, njoo uone! Hata uzito! Amechukua hata uzito wangu!"

"Na kikombe je?" mama aliuliza.

"Kikombe hakihesabiki!"

Tangu siku hiyo kilo sitini ilikoma kuwa namba. Ikawa urithi, kama shamba ambalo huwezi kuliuza kwa sababu babu amezikwa humo. Na cha ajabu ni kwamba katika nyumba ile iliyojua kila kitu kuhusu ngumi, hakuna aliyekaa akafikiri kwamba msichana wa miaka kumi na sita bado anakua. Hamira akarefuka. Mifuko ya unga ikampanua mabega. Kila mashindano yakija, kabla hajapigana na mtu alipigana kwanza na mwili wake. Alikimbia amejifunga mifuko ya plastiki chini ya sweta mpaka viatu vikatoa maji. Alimumunya barafu akaitema. Maji aliyapimiwa kwa kifuniko cha chupa. Siku ya kupimwa alifika sitini kweli, macho yameingia ndani, midomo imepasuka, na kesho yake akapanda ulingoni na masalio yaliyobaki.

Baba yake aliona njaa ile ndiyo siri yenyewe. "Njaa ndiyo inayouma, mwanangu," alipenda kusema. "Bondia aliyeshiba ni mtu wa kawaida aliyevaa glavu."

Mama, pini za kushonea zikiwa zimebanwa midomoni, alijibu bila kuinua macho. "Mume wangu, sijui ulinioa mimi au mizani. Mizani angalau unaipangusa vumbi kila asubuhi."

Basi asubuhi moja, kule kiwandani, trei za mikate ziligongana ndani ya tanuri. Mikate ikatoka imepinda, mingine imebanana kama watu waliolala kitanda kimoja. Desturi ya pale ni kwamba mkate uliopinda hauendi dukani. Ni wa wafanyakazi, na unaliwa papo hapo, ukiwa wa moto. Mzee wa tanuri alichukua mmoja, mvuke unatoka, akamwekea Hamira mkononi. Hamira wakati huo alikuwa ameegemea ukuta. Kizunguzungu kilimpitia akiwa na mfuko begani, na alikuwa akisubiri sakafu itulie.

"Mjomba, siwezi. Mchujo umekaribia."

"Nani amekwambia ule? Nimekwambia unishikie."

Mzee akaondoka kwenda kuhangaika na trei zake. Hamira akabaki ameushika. Alianza kwa kunusa. Kisha akamega ganda tu, maana ganda si mkate. Kisha akaonja kilichokuwa chini ya ganda, ili ajue kama umeiva. Mzee aliporudi alikuta mikono mitupu na makombo kidevuni.

"Mkate wangu uko wapi?"

"Umeiva, mjomba."

Jioni yake akaenda mazoezini. Klabu ya baba yake ilikuwa gereji ya zamani, sakafu bado ina madoa ya oili, mifuko ya kupigia ngumi imening'inizwa kwenye minyororo iliyowahi kunyanyulia injini. Mwenza wake wa mazoezi alikuwa kijana aliyeitwa Chuma, mtu mpole sana nje ya ulingo. Mtindo wao ulijulikana: raundi mbili za kwanza Hamira anamtesa Chuma, ya tatu Chuma anadai haki yake.

Siku hiyo raundi ya tatu ilipoanza, Hamira alisubiri mikono iwe mizito. Aliisubiri kama mtu anavyosubiri mgeni asiyempenda. Mgeni hakuja. Ngumi zikatoka kavu, moja nyuma ya nyingine, miguu ikacheza, na kichwa kilikuwa safi, hakina ukungu. Akaomba raundi nyingine. Wakapiga ya nne. Katikati ya ile ya tano Chuma alinyanyua mkono, akaning'inia kwenye kamba.

"Mzee, yatosha! Binti yako leo kala nini?"

"Hajala kitu!" Kufuli alipiga kelele kwa furaha, akiwazunguka wote aliowakuta mle ndani. "Hajala kabisa! Mnaona sasa? Ndiyo hiyo njaa ninayowaambia kila siku!"

Hamira aling'ata kinga ya meno ili asicheke. Lakini usiku huo alipolala hakucheka. Alifikiri. Miaka yote alidhani kinachokwisha raundi ya tatu ni moyo, kama wale wanaume wa dirishani walivyosema, na moyo hauuzwi dukani. Kumbe huenda kilichokwisha ni mkate tu?

Akaendelea kula. Mzee wa tanuri akawa na mikate mingi ya kushikiwa. Nyumbani alilamba nusu yai lake kwa adabu zote, na kiwandani akala kama mtu. Akanywa maji mpaka akasikia yakicheza tumboni. Ngozi ikang'aa. Chuma akaanza kuja mazoezini akiwa na sababu za kuchelewa.

Ikafika Jumapili, siku ya mizani.

Hamira alipanda. Baba yake akaweka kijiwe kwenye alama nyekundu, kama kawaida. Fimbo ikaruka juu, ikagonga chuma, ngwa! Akasukuma kijiwe mbele kidogo. Ngwa. Akasukuma tena, na tena, mpaka sitini na tatu ikapitwa. Ajabu ni kwamba hakumtazama binti yake hata mara moja. Aliitazama mizani, kwa huruma.

"Masikini," alisema. "Imeharibika."

Aliisogeza mbali na dirisha, labda ni upepo. Aliweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja, labda sakafu imelala. Akaipaka mafuta ya cherehani ya mke wake. Akapanda yeye mwenyewe, na mizani ikamwambia jambo kuhusu tumbo lake ambalo alilichukua kuwa ushahidi kamili wa ubovu. Kesho yake akamwita fundi mizani kutoka sokoni.

Fundi alikuja na mfuko wa mawe yake ya kupimia. Akaweka jiwe la kilo kumi, mizani ikasema kumi. Akaongeza, ikaongeza. Akapunguza, ikapunguza. Alijifuta mikono.

"Mzee, mizani haina ugonjwa."

"Angalia tena, fundi. Nakuomba."

"Nimeangalia. Hii ni nzima kuliko mimi."

"Labda unyevu? Majira haya chuma hunywa maji."

"Mzee wangu, chuma kinywe maji kimpe mtu nyama?"

Mama alitoa pini midomoni. "Fundi, kaa unywe chai. Humu ndani yuko mgonjwa, lakini si mizani."

Kufuli hakusikia. Alikuwa amekwisha kuleta bisibisi, anataka ifunguliwe, atazame tumboni mwake. Hapo Hamira, aliyekuwa amesimama mlangoni na unga bado kwenye nywele, akapiga moyo konde.

"Baba, mwache fundi. Mimi nimekula."

Fundi alikusanya mawe yake polepole, jinsi mtu anavyokusanya akitaka kusikia zaidi, mpaka mama akamsindikiza mwenyewe hadi nje.

"Umekula nini?" Kufuli aliuliza.

"Mkate. Kila siku. Tangu ile siku niliyomchosha Chuma."

Unaweza kumpiga mtu bila kunyanyua mkono. Kufuli alikaa chini taratibu, bisibisi mkononi.

"Kwa hiyo ile raundi ya nne..."

"Ilikuwa mkate, baba. Na ya tano pia."

"Zimebaki siku ngapi? Tutashuka. Tukikimbia asubuhi na jioni..."

"Sitashuka. Nataka kupanda. Nataka kucheza uzito wa juu yake."

"Huko yuko Trekta!"

Trekta hakuhitaji maelezo. Alikuwa mwanamke anayekaribia miaka thelathini, ameiwakilisha nchi tangu Hamira anajifunza kufunga bandeji, na sifa yake ni kwamba hakuwa na haraka wala huruma. Alikuja mbele, basi. Aliyekuwa mbele yake alirudi nyuma mpaka ulingo ukaisha.

"Najua yuko," Hamira alisema.

"Hujui!" Kufuli alirusha bisibisi kwenye kochi. Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi nilipanda mara moja. Ughaibuni, watu wa hapa hawakuona, kwa hiyo wamesahau. Nilikuwa bingwa, kichwa kimevimba, nikasema nitachukua na uzito wa juu. Unasikia taya hili linavyolia nikitafuna? Unadhani ni uzee? Niliamka hospitali, mama yako ameshika mkono wangu, na sikumjua ni nani. Nikaapa hakuna mtu wa damu yangu atakayepanda huko tena."

Hamira alitafuta kiti. Miaka yote alidhani baba yake analinda ufalme wake. Kumbe alikuwa anaogopa. Kufuli, mwenye picha kwa kinyozi, alikuwa anaogopa, na anayemwogopea ni yeye.

"Baba," alisema baadaye, "wewe ulipanda na mwili wa kilo sitini. Mimi mwili wangu uko huko juu tayari. Kila mara ninashuka kukufuata wewe, na nikifika nimekwisha."

Kufuli alisimama, akachukua kofia.

"Mimi siwezi kukaa kona nitazame hilo."

"Basi usikae, baba. Lakini mimi ninapanda."

Mlango ukafungwa. Mama alirudi na utepe wake wa kupimia shingoni, akamtazama binti yake juu mpaka chini kama anatazama dirisha jipya.

"Nenda kajiandikishe," alisema. "Mimi nitakushonea bukta inayokutosha. Zile za zamani nilikuwa nashona huku roho inaniuma."

Siku ya kupimwa, wasichana walijipanga kwenye ukumbi, wengine wanatema mate kwenye chupa, wengine wamefumba macho. Hamira alikuwa amekunywa chai. Trekta, mikono kiunoni, alimtambua.

"Wewe si Binti Kufuli? Umepotea, mdogo wangu. Foleni ya kilo sitini ni ile pale."

"Sijapotea, dada. Nimehamia."

Trekta alicheka kwa nguvu, bila ubaya. "Karibu mtaani. Kodi ya huku ni kali."

Pambano la kwanza Hamira alishinda kwa urahisi hata majaji wakaangaliana. La pili likaisha raundi ya pili tu. Ikabaki fainali, na fainali ilikuwa Trekta, nani mwingine. Kwenye kona yake alikuwa Chuma, ndoo mkononi, anatetemeka kuliko bondia mwenyewe. Mama alikaa safu ya mbele. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, ameweka mkoba juu yake, na kila aliyetaka kukikalia alijibiwa, "Kina mtu."

Kengele ikalia. Trekta akaja.

Hapo ndipo Hamira alipojua kodi ni nini. Ngumi aliyoikinga kwa glavu ilimsukuma hatua nzima. Nyingine ikapita, ikamkuta ubavuni, na taa za ukumbi zikaongezeka. Alizunguka, akagusa, akatoka, lakini mwanamke yule alifunga njia kama mtu anayefunga duka, upande huu, kisha ule. Raundi ya kwanza ikaenda kwa Trekta, hata mtoto angeona. Ya pili Hamira alianza kusoma. Aligundua kwamba Trekta kabla ya kurusha ule mkono mkubwa huvuta pumzi kwa pua, na kwamba wakati anaivuta, kidevu kiko wazi. Akampata mara moja. Akampata tena. Raundi ikaisha watu wamesimama, hakuna anayejua imeenda kwa nani. Kila kitu kikabaki juu ya raundi ya tatu, ile ile.

Alipokaa kwenye kigoda, mkono uliomwondolea kinga ya meno haukuwa wa Chuma. Ulikuwa na vifundo vilivyobonyea vya mtu mzima. Kufuli alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, tangu pambano la kwanza, kofia imeshuka puani, na kadi yake ya ukocha alikuwa nayo mfukoni muda wote.

"Una pumzi?" aliuliza.

"Ninayo."

Hakuamini kwa kusikia. Aliweka kiganja mgongoni kwake, chini ya bega, kama daktari. Kifua kilipanda na kushuka polepole, kama cha mtu anayetoka kutembea. Uso wa mzee ukabadilika.

"Unayo kweli," alisema. "Ebo! Unayo!" Kisha akacheka, na macho yamemlowa. "Basi mimi sina la kukufundisha. Raundi hii mimi siku zote niliimaliza nikiwa hoi. Wewe nenda kaimalize ukiwa mzima. Nenda, mama, nenda."

Waliokuwepo bado wanaisimulia raundi ile, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, lakini hata bila chumvi ilikuwa hivi. Trekta alikuja mbele, na kwa mara ya kwanza aliyekuwa mbele yake hakurudi. Pua ikavuta pumzi, mkono wa kushoto wa Hamira ukafika kabla. Pua ikavuta tena, wa kushoto tena, na nyuma yake wa kulia. Trekta akasimama kidogo, kama gari lililoishiwa mafuta. Hamira akaongeza mwendo. Aliongeza mwendo pale pale ambapo mara mbili mwili ulimsaliti, na mwili ukaitika, ukauliza unataka nini kingine. Ngumi ya kulia ikatoka, si ile ya baba ya kutoka juu, ilikuwa fupi, ya kutoka chini, yake mwenyewe, na goti la Trekta likagusa sakafu. Refa akahesabu. Ukumbi ukaezuka paa.

Trekta aliinuka, maana ni Trekta, na akapigana mpaka kengele. Lakini majaji wote watano waliandika kitu kimoja, na refa aliponyanyua mkono wa Hamira, Kufuli alikuwa amemkumbatia Chuma na ndoo yake, maji yamewalowesha wote wawili.

Kocha wa taifa alipita na filimbi yake. "Jumatatu. Kambini," alisema, akaenda zake.

Chumbani Trekta alikaa karibu naye, barafu shavuni. Kisha akamgonga begani.

"Sikiliza, mdogo wangu. Kule nje ya nchi yuko mmoja mrefu, wa mkono wa kushoto. Amenipiga mara mbili. Mimi nitakuja kambini nikuchezee kama yeye, mpaka umchoke kabla hamjaonana."

"Dada, baada ya nilivyokufanya leo?"

"Kwa sababu ya ulivyonifanya leo. Nikipigwa, nataka nipigwe na bingwa, sio na mtu wa kupita."

Alikuja kweli, na alimchezea kweli. Na mwaka ule ule, kwenye ubingwa wa bara, katika ukumbi mkubwa ambao watu wake hawakujua Kufuli ni nani, Hamira alimkuta yule mrefu kwenye fainali. Raundi ya tatu kengele ilipolia, mrefu alikuwa bado anatafuta pumzi kwenye kigoda. Hamira alikuwa amekwisha kufika katikati ya ulingo, anamsubiri.

Mtangazaji mmoja wa kwao aliyesafiri na timu alimsogezea kipaza sauti, medali ya dhahabu bado inacheza shingoni. "Binti Kufuli, sasa umefika alipofika baba yako. Unajisikiaje?"

Hamira akamtazama baba yake, aliyesimama pembeni na taulo begani, kisha akatabasamu na jino moja linalouma.

"Mwulize mwenyewe kama alifika hapa, kwenye uzito huu."

"Hapa?" Kufuli alisema, akanyakua kipaza sauti kwa mikono miwili ili nyumbani wasikie vizuri. "Hapa mimi nilipigwa! Huyu amepita!"